Sita kwa Sita

Saa kumi na nusu alfajiri, Buyuni haina taa.
Nafunga kamba za raba za kaka yangu Kondo,
nimezishindilia gazeti kwenye ncha
maana yeye anavaa arobaini na tatu
na mimi thelathini na tisa.
Nakimbia mpaka Chanika, nageuka.
Mbwa wa kwa Mama Sikujua hawanibwekei tena,
wananisindikiza tu,
makuruta watatu wasio na namba.

Kisha pushapu, kwenye sementi isiyopigwa nili.
Arobaini ni zangu.
Ya arobaini na moja ni ya mama.
Ya arobaini na mbili ni ya hasira, na hiyo huwa rahisi.

Jirani yetu Mwakibete, sajinitaji mstaafu,
anawatilia maji kuku wake wa kisasa
na kunisikiliza ninavyohema.
"Binti," anasema bila kunitazama,
"jeshini hakuna mlango ulioandikwa Rubani.
Kuna mlango mmoja. Unaingia, unanyolewa, unatambaa,
unapiga saluti mpaka kiwiko kisahau kukunjuka.
Ukitoka Monduli na nyota yako moja
ndipo watakuambia wewe ni wa mizinga,
wa ghala la viatu,
au wa juu."
*Wa juu* amelitamka kwa sauti ndogo,
kama mwenye duka anayetaja bei ya kitu asichokuwa nacho.

Sikumwambia kwamba nilizaliwa Kipawa,
kwenye nyumba iliyopigwa X nyekundu
nikiwa darasa la pili.
Baba alihesabu fidia mezani mara tatu,
mara zote ikawa ileile.
Tukang'oa bati, madirisha, mlango wa mbele.
Mstafeli haung'oleki. Tukauacha na matunda yake mabichi.
Uwanja wa ndege ukanyoosha shingo, ukapita juu ya jiko letu.

Siku nikishuka Banana husimama kwenye uzio.
Tairi zinagusa lami, kamoshi kanaruka
mahali ambapo, nadhani, sina hakika,
bibi alikuwa anaweka mtungi.
Watu hudhani ninachotaka ni ndege.
Mimi nataka nipite pale juu mara moja, polepole,
nipime kwa macho yangu
kama kweli tulikuwa njiani.

Usiku nasoma jinsi bawa linavyoidanganya hewa:
juu ipite haraka, chini ibaki ikisukuma.
Kwenye karatasi nauelewa uongo huo.
Lakini sijawahi kupanda ndege.
Ghorofa ya tisa pale Posta, nilipopeleka vyeti,
nilitembea nimeshika ukuta,
na mlinzi akaniuliza kama nimekula.

Jana, Amana, daktari aliziba jicho langu la kushoto
kwa kijiko cheusi.
Mstari wa mwisho herufi zilikuwa kama mayai ya chawa.
Nikazisoma zote. Akaandika: sita kwa sita.
Nyumbani Kondo alicheka mpaka chai ikamtoka puani.
"Hicho si kitanda, dada?
Jeshi linakupima macho au linakuoza?"
Mama akamrushia mwiko, ukamkosa,
kisha akaikunja karatasi mara nne
akaificha kwenye sanduku la kanga
pamoja na risiti ya fidia.

Usaili ni Jumatatu. Watanipima na urefu.
Nimejipima mwenyewe kwenye ule mlango wa Kipawa,
tuliupaka bluu, lakini mkono mmoja wa X
bado unachungulia chini ya rangi.
Darasa la pili ulikuwa juu ya utosi wangu,
siufikii hata nikiruka.
Leo unaishia begani.

Sikumwonyesha mtu.
Raba ya kushoto imeachia gundi,
na Kondo amesema niinunulie mwenyewe.