Dole Gumba

Mizani kaileta Hamdun, ya kioo, nyembamba kama sahani,
akailaza mlangoni mwa choo, hapa kwetu Mabela,
akamwambia babake: panda, usishike kitu, tazama mbele.
Nambari zikawaka buluu. Sitini na nane.
Juma lililopita, sitini na tano.
"Mzee anarudi!" mwanangu akapiga makofi,
na kwenye simu yake ikajichora picha ya mtu asiye na uso:
mafuta kadhaa, misuli kadhaa, maji kadhaa, mifupa,
kama bei zilizobandikwa buchani.

Wakaarifiwa wote. Thuwayba akapiga kutoka Dubai.
Wifi yangu Shinuna akasema ni supu yake ya makongoro.
Kilo tatu, na kila mtu akajikatia kipande chake cha sifa.
Mimi nilikuwa nakunja nguo.

Nami nina vipimo vyangu, havili betri.
Ile saa ya mkanda wa chuma, aliyopewa alipostaafu bandarini Matrah,
zamani ilitulia kwenye kifundo cha mkono.
Siku hizi akinyanyua kikombe cha kahawa
inateremka mbio mpaka karibu na kiwiko.

Fundi Rafiq, Mbengali wa nyuma ya msikiti,
ana daftari la mabega ya mtaa mzima;
majina hayajui, anatujua kwa inchi.
Alifungua ukurasa wa mume wangu, akavuta futi shingoni,
akapima, akapima tena, akafuta, akaandika.
Bega limepungua inchi moja na robo tangu Idi ya mwaka juzi.
Hakusema neno.
Akanipunguzia riyali moja.

Na daktari wa zahanati, kijana, kalamu nne mfukoni:
kilo, gawanya kwa urefu, gawanya tena kwa urefu.
Jawabu akalizungushia duara la kijani. Sawa.
Sawa na nani, daktari?

Usiku, baada ya Isha, nikamvua soksi.
Mpira wa soksi ulichimba mtaro mguuni.
Nikaweka dole gumba juu ya muundi, nikahesabu mpaka kumi,
nikaliondoa.
Shimo likabaki.
Nikatafuta soksi ya pili, nikaipata chini ya kitanda,
nikazikunja zote mbili. Shimo bado lipo,
kama kidole kwenye donge la unga.
Mama yangu alikuwa mkunga Wete, akibonyeza miguu ya waja wazito;
alisema nyama hurudi mbio, maji hurudi yakijikokota.
Nikahesabu na mito chini ya kichwa chake.
Mitatu. Juzi ilikuwa miwili, na mwezi wa Rajabu, mmoja.

Ile nambari ya buluu haikusema uongo.
Iliulizwa kilo, ikajibu kilo.
Na maji iliyataja, pale kwenye picha, mstari wa tatu.
Nani alisoma mstari wa tatu?

Hospitali, saa tisa usiku. Nesi Binsi, wa Kerala,
kabla ya waya, kabla ya mashine,
aliweka dole gumba lake palepale nilipoweka langu.
Hatuna lugha moja. Akaniangalia, nikamwangalia.
Kisha sindano, kisha jagi la plastiki lenye mistari,
likijaa, likimwagwa, likiandikwa.

Siku ya nne wakampandisha tena kwenye mizani.
Sitini na tatu na nusu.
Hamdun akageukia dirishani. "Mama, baba anakwisha."
Sikumjibu, nilikuwa nimeinama miguuni.
Kifundo kimetoa tena mfupa wake, kila upande,
mishipa imerudi mahali pake, myembamba, ya kijani.
Mto mmoja, na mwenyewe ameusukuma pembeni.
Nikabonyeza: ngozi ikaruka juu kama mtoto aliyeitwa kula.
Nikabonyeza tena, sasa kwa raha yangu tu.

"Wewe," akasema, macho kafumba,
"toa dole lako. Mie si papai."