Ubeti wa Mwisho

Mimi ndiye mtu wa jenereta.
Jina langu halikuwa kwenye bango
lililobandikwa ukutani, godauni la chai, Shimanzi,
walikoandikwa wale wasio na bendi wala bosi,
watungao wenyewe, waimbao wenyewe,
waliobeba magitaa mgongoni kama watoto wenye homa.

Jukwaa tulilipanga kwa mbao za kuwekea magunia.
Spika mbili tulizikodi kwa mtu wa maharusi, Ganjoni,
akatuapisha zisinyeshewe.
Kila tulipopiga makofi vumbi la majani ya chai likapanda,
tukapiga chafya kwa zamu.

Alitangulia Mwakio, aliyeteremka na treni kutoka Voi,
akaimba juu ya ndovu aliyekula mahindi ya nyanyake
na fidia isiyofika.
Tukacheka, kisha tukaacha kucheka.
Halafu Nyevu wa Rabai; uzi mmoja ukamkatikia,
akasema, "Na mitano si haba," akaendelea.
Adhana ya isha ilipoingia tulinyamaza sote.
Hata mashine niliizima.
Muuza viazi karai akabaki na kijiko hewani,
mafuta peke yake yakawa yanaimba.

Kisha likasomwa jina: Mwanamkuu binti Athmani.

Dada yangu.
Mwaka wa tatu hatujasemezana.

Hakuniona. Au aliniona.
Nilikuwa nyuma ya ukuta na dumu langu,
na shati linalonuka petroli.
Akaketi juu ya kreti ya soda,
akazipima nyuzi kwa sikio,
akaanza na cherehani.

Hakutaja mtu. Kwetu Mvita kutaja ni ushamba;
mtu hufumbwa, akajijua.
Alisema tu: mashine nyeusi,
maua ya dhahabu yaliyofifia ubavuni,
mlio wake ndio uliotulaza utotoni;
na asubuhi moja, alama nne sakafuni
pale miguu yake ilipokuwa.
Elfu nane, kwa fundi wa Kongowea.

Bei ile aliipata wapi?
Mama nilimwambia elfu tano.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.
Usiku ule sikujua mimi ni yupi kati ya hao wawili.

Ndipo jenereta ikakohoa, ikakata.
Giza. Shingo zote zikanigeukia,
na naapa, sikuizima mimi,
ni petroli tu iliyoisha.
Lakini nani ataniamini?

Yeye hakusita. Kipaza sauti akakiweka chini,
na uwanja mzima ukamsogelea,
watu mia mbili na ushei, wameacha hata kutafuna.
Sauti yake ndogo, ile ile
ya kuniita ndani, chakula kinapoa.

Ningeweza kungoja.
Hilo ndilo linalonirudia: ningeweza kuliweka dumu chini
nikasikiliza, kama mtu mwingine yeyote aliyelipa kiingilio.
Lakini mkono ulishazoea kazi yake,
na aibu haijui kukaa bure.
Nikamimina, nusu tangini, nusu vidoleni,
nikavuta kamba mara moja, mara ya pili,
mashine ikanguruma sikioni mwangu,
ikanguruma, ikanguruma,
na taa zilipokaa sawa watu walikuwa wamesimama
wanapiga makofi.
Ubeti wa mwisho ulikuwa umepita.

Niliwauliza.
Muuza viazi akasema, amemsamehe mtu.
Mwakio akasema, wapi, amemlaani, ila kwa upole.
Kijana wa tiketi akasema haukuwa na maneno,
ni mlio tu, mdomo umefungwa,
kama kitu kinachozunguka.

Nilipomaliza kukunja nyaya
tuktuk ilishamchukua kuelekea Bombolulu.
Juu ya kreti aliyokalia
palikuwa na sahani ya viazi
imefunikwa kwa sahani nyingine, vingali vya moto.
Sikuuliza ni vya nani.
Nilikula nikiwa nimesimama,
vidole vinanuka petroli.