Mkia wa Uzi

Ndoano ameibana kwa koleo la fundi baiskeli,
koleo kalifunga ukingoni mwa meza, na meza ina tofali
badala ya mguu uliooza masika ya mwaka juzi.
Hapa Chikongola, uani, saa nne asubuhi,
dada yangu Somoe anakivisha chuma nguo.

Manyoya ya jogoo wa Bi Nakoma, yale ya shingoni
(jogoo mwenyewe tulimla Idi, hakuna aliyemlilia),
utepe unaong'aa, umekatwa kwenye pakiti ya biskuti,
na uzi mwekundu wa cherehani
alioupitisha mara tatu kwenye kipande cha mshumaa
ili ushike, usiteleze kama mpangaji mwisho wa mwezi.

Cha kwanza nilikifunga mimi. Nikajivuna.
Nilipiga fundo la kamba ya kiatu, juu yake lingine,
juu yake la tatu, mpaka kichwa cha chambo kikaota nundu.
Nangwanda akavuka nacho Msanga Mkuu,
akarudi na ndoano tupu, kipara,
kuku aliyekwisha nyonyolewa.
Somoe hakucheka. Alichukua wembe
akaikwangua aibu yangu taratibu.

"Fundo si wingi," alisema. "Tazama."

Nikatazama vidole.

Miaka kumi na mmoja ya kubangua korosho kiwandani.
Mafuta ya ganda yalianza na ngozi ya juu,
yakala ya chini, yakaondoka na mistari yote.
Siku ya kusajili laini ya simu, kijana wa kibandani
alimwambia aweke gumba, alifute, aliweke tena,
alipangusie kwenye khanga, aliweke. Mashine ikakataa.
"Mama, wewe huna alama," akasema kijana,
kama anayemwambia mtu kwamba hana kivuli.
Laini ikasajiliwa kwa jina langu.
Mpaka leo Somoe akituma pesa, mtumaji ni mimi.

Uzi lakini unamjua.

Anafanya kitanzi, ukubwa wa sikio la mtoto.
Upande mmoja anaulaza sambamba na chuma: huo ndio mkia.
Upande wa pili anauzungusha, unaufunika mkia,
mara moja, mara mbili,
cha shahada kinatangulia, cha kati kinafuata
kama mtu wa mwisho kuingia ndani, anayerudisha mlango,
tatu, nne, tano,
kila mzunguko ukimkalia mwenzake begani.
Kisha anaacha kidole kidogo ndani ya kitanzi
kisije kikajisokota, anavuta mkia,
na kitanzi kinapungua: sikio, pete,
tundu la pini,
kinazama chini ya mizunguko yake chenyewe.

Nililitafuta fundo kwa jicho. Nikalitafuta kwa ukucha.
Hapakuwa na mahali pa kuanzia kulifungua.

"Limekwenda wapi?"
"Limejilalia."

Kule Feri hakuna anayeuliza jina la mfungaji.
Wanasema, nipe zile nyekundu shingoni, zisizofumuka.
Nangwanda ana moja iliyokwisha pambana na kolekole tisa;
manyoya yamebaki matatu, ndoano imeanza kutu,
shingo iko vilevile alivyoiacha.

Nami nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, najifunza.
Vidole vyangu vina mistari yote, kamili,
serikali inanitambua nikigusa tu kioo;
uzi unakwama kwenye kila mstari.
Mara ya sita. Mara ya kumi na moja.
Kitanzi kinajikunja, mkia unanitoroka,
manyoya yanachanua kama mtu aliyeamshwa usiku.

"Unavuta kwa hasira," anasema, hajainua macho.
"Sina hasira."
"Basi nani anavuta?"

Uzi ukakatika.
Akaupima mwingine kwa urefu wa mkono wake,
akaukata kwa meno, akanipa,
na kile kipande cha mshumaa.