Rangi Isiyoshika Pamba

Mume wangu Enoch alikuwa wa manjano.
Sisemi homa, sisemi nyongo:
kucha, kope, nyusi,
mpaka mate yake kwenye leso.
Watoto wa mtaa walimwita Chiriku.
Aliwapigia mluzi, akapita zake.

Kazi yake ilikuwa kuchemsha, kuchuja,
kusubiri fuwele ziote kingoni mwa pipa,
nyembamba kama sindano, zinang'aa,
ungedhani sukari ya tajiri.
"Onja punje moja, utanikumbuka hadi Jumapili."
Nikaonja. Mkate chungu, chai chungu,
busu lake chungu siku nne;
hata chungu cha supu jikoni
kikadhani kinaitwa.

Usiku alinimegea siri za kiwandani:
rangi hii haiombi shabu wala chumvi.
Chovya sufu, inashika. Chovya hariri, inashika.
Chovya pamba,
maji mawili, imekwenda.
"Kwa nini?"
"Pamba ni mmea tu, Thirza.
Hii hushika kilichotoka mwilini."

Kisha vita. Mapipa yale yale,
ila shehena haikwenda tena kwa wafumaji wa Yorkshire.
Ilimiminwa tumboni mwa makombora.
Sasa walivua viatu vya misumari getini,
wakapekuliwa viberiti, wakatembea kama wezi.
Enoch akaacha mluzi.

Jumatatu moja ya Agosti
vikombe vilishuka vyenyewe kutoka rafuni.
Sikuuliza ni wapi.
Jeneza lilikuja limekwisha kupigiliwa,
jepesi;
wabebaji walijifanya wanalemewa.

Sikulia. Nilifua foronya yake.
Pamba. Maji mawili,
ikawa nyeupe kama haijawahi kulaliwa.
Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye sakafu yenye maji.

Lakini binti yetu Keziah ana msuko
ambao baba yake aliushika kila jioni
kabla hajanawa,
akauvuta kama kamba ya kengele:
"Hodi, kuna mtu humu?"
Pale aliposhika pana manjano,
upana wa vidole viwili.
Nywele zinakua, nayo inashuka.
Agosti ilikuwa begani.
Hii ni Pasaka, iko mbavuni.
Mwalimu wake anasema ncha zimepasuka, zikatwe.

Nimeshika mkasi tangu saa mbili.
Keziah amelala, mdomo wazi.
Nauinua msuko,
ile manjano naigusa kwa ulimi.

Bado.