Shahidi wa Kwanza

Mama Vumilia, karani wa parokia,
amenipa saa moja na glavu za mpira,
zile za kuoshea sahani.
"Usilambe kidole ukifunua," anasema.
"Kurasa hizi zimeshalambwa na wengi,
ndiyo maana majina mengine hayasomeki."

Nimekuja kutafuta mstari mmodja tu,
babu Tshimanga na mke wake Ngalula,
mwaka wa thelathini na nane.
Wajomba wanagombania parseli ya Kamalondo
na mwanasheria anataka muhuri
juu ya mapenzi ya watu waliokwisha kuwa udongo.

Kitabu ni kirefu kama mlango wa kabati.
Mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa gunia.
Mchwa walianza Januari,
wakachoka kabla ya Pasaka.

Kila mstari una mwendo uleule:
jina la ubatizo, jina la ukoo,
kazi: mchimbaji, boi, mfua vyuma,
alikotoka: Kabinda, Kongolo,
ng'ambo ya Luapula.
Halafu vimsalaba vya wasiojua kuandika,
mikono ya sepetu
iliyobonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.
Na mwisho, safu ya mashahidi.

Hapo ndipo nilipomkuta.
Tarehe nne Juni: Donati Kapopo, mshona viatu.
Kumi na moja: Donati Kapopo, mara tatu.
K yake ina mguu mrefu
uliotupwa mbele, kama wa mtu anayeruka mtaro.
Nikamsahau babu, nikaanza kuhesabu.
Nilikuwa mia moja na tisa kengele ya adhuhuri ilipolia.

Nadhani ilikuwa hivi.
Watu walishuka treni bila shangazi, bila kaka,
bila wa kusema: huyu ni wetu,
namjua tangu tumboni.
Padri akadai shahidi.
Na nje, kando ya ngazi, katika baridi ya kipwe,
alikaa mtu mwenye nyundo, misumari mdomoni.
Akaitema kiganjani,
akapangusa mikono kwenye aproni ya ngozi,
akaingia kuwajua.
Kwa dakika kumi alikuwa ukoo mzima.

Kisha Agosti. Namba mia mbili kumi na saba.
Bwana harusi: Donati Kapopo, mshona viatu.
Bibi harusi: Skolastika Mwansa, wa Kasenga.
Mashahidi wawili, wameshatia sahihi.
Na juu ya vyote mstari mwekundu wa rula,
na pembeni, padri aliyeandika kila kitu kwa Kifaransa,
hata mvua, hata deni la mishumaa,
ameandika neno moja kwa lugha yetu:

*Hakukuya.*

Baba yake alikataa? Treni? Mwanamume mwingine?
Kitabu hakina safu ya hilo.
Nilikaa na kidole juu ya neno,
glavu imelowa jasho kwa ndani,
kisha nikafunua, kwa woga,
kama anayefunua sufuria ya jirani.

Jumamosi iliyofuata, ndoa mbili.
Shahidi wa kwanza, Donati Kapopo.
Shahidi wa kwanza, Donati Kapopo.
Mguu wa K ni mfupi kidogo,
au mimi ndiye ninayetaka uwe mfupi.

Na ndoa ya pili
ni Tshimanga Yozefu, mfua vyuma,
na Ngalula Anastazia, hana kazi,
yeye aliyezaa tisa na kuuza chikwange miaka arobaini.
Kimsalaba cha babu kimeinama.
Cha bibi kimesimama wima.

Mama Vumilia anagonga meza kwa funguo.
Umeme umekwenda, nakala ataiandika kwa mkono,
franka elfu kumi, muhuri ndani yake.
"Mashahidi niwaandike?" ananiuliza.
"Mwanasheria haombagi hao."

Mwandike, mama.
Na ile K, tafadhali,
usiikate mguu.