Soksi za Milka

Baba alirudi kutoka Ulaya mwaka wa tisini na nne
na sanduku la bati, kofia ya samawati,
maneno sita ya lugha ambayo hapa Nakuru
hakuna wa kuyajibu,
na soksi za sufu, nene kama blanketi la bweni.

Soksi alizifunga kwa gazeti.
Hakuzivaa hata Julai, upepo wa Menengai
ukipiga mabati mpaka misumari inalia.

Hadithi yake tuliijua kama namba yake ya jeshi.
Siku ya kwanza bibi kizee alimfungia mlango.
Siku ya pili alimchungulia dirishani.
Ya tatu akamshika mkono, akalowesha kidole kwa mate,
akasugua, aone kama rangi itatoka.
"Nawe ukamwachia?"
"Nilimwachia. Wiki nzima nami
nilikuwa nikiyatazama macho yake, yale ya rangi ya maji ya ndoo,
nikijiuliza kama yanaona."

Wakala supu ya maharagwe kutoka sufuria moja.
Akamfundisha kusema mkate, kusema maji,
kusema usipite huko, wametega mabomu.
Jina lake Milka.
Aliyechoma ghala lake ni jirani yake wa miaka arobaini.
Lugha moja, mkate mmoja,
hata matusi yao yalifanana, baba alisema,
na hapo sauti yake ilianza kutafuta pa kukaa.

Maana alikuwa huko huko barua ilipomfikia
kwamba nyumba ya baba mdogo Nyandoro, mpakani mwa Sotik,
imebaki mafiga matatu.
Aliporudi alisimama kwenye majivu, mikono mgongoni.
"Nimeiona hii," akasema.
"Ilikuwa na theluji tu."

Huku kwetu Lanet alikuwa mtu wa watu wote.
Waliposema Msomali wa duka la jumla afukuzwe,
baba alipeleka kiti chake pale mlangoni,
akakaa kutwa akisoma gazeti la juzi.
Vijana wa Sudan Kusini wa vyumba vya nyuma
walimwita mjomba.
Dunia nzima ilikuwa na nafasi kwenye kochi letu.

Ila kwenda Kisii hakupita Sotik.
Alizungukia Ahero, nauli maradufu,
akifika usiku, vumbi mpaka kwenye kope,
na hatukumuuliza.

Kisha mimi, Bochaberi, kitinda mimba wake,
nikamleta Kipng'eno.

Alipokewa kwa adabu ya kambini:
mgongo wima, chai pomoni.
Hakuulizwa kazi. Hakuulizwa ukoo.
Mama alitoka jikoni akarudi, akatoka akarudi,
mwiko mkononi, hakuna cha kukoroga.
Nami nikawaza, kwa uchungu, kwamba kumpenda wa mbali ni rahisi,
wa mbali hujui moshi wa nyumba yako
ulipaa kutoka mkononi mwa nani.
Baba yangu amevuka bahari.
Huu mto Kipsonoi, mtu huuvuka suruali imekunjwa,
utamshinda?

Mvua ikaanza. Chai ikaota utando.
Mwishowe, kama anayekagua bunduki ya kuruta:
"Mama yako anaitwa nani?"

"Milka, mzee."

Siwezi kusema uso wake ulifanya nini.
Aliinuka. Tukasikia kule chumbani bawaba za sanduku,
kisha karatasi kuukuu ikichanika,
kisha kimya kirefu, kama mtu anayesoma.

Akarudi mikono mitupu.
Akakaa. Akavitazama viatu vya Kipng'eno,
raba za turubai, zimelowa mpaka kwenye kamba.

"Kule kwenu," akasema, "usiku kuna baridi?"
"Kuna baridi sana, mzee."
"Na mama hulala na nini miguuni?"
Kipng'eno akanitazama. Hakuna aliyemfunza jibu la hili.
"Sijawahi kumuuliza," akasema.

"Mh," akasema baba. "Muulize."

Mama, pale mlangoni, akauteremsha mwiko.