Risiti

Leo nimeshika kitabu cha risiti, Bwana,
na mkono umekataa kuandika.

Unanijua. Mimi Yunia, mweka hazina,
yule anayehesabu sarafu za sadaka mara mbili,
na mara ya tatu akiwa nyumbani, asipolala.
Miaka kumi na mmoja haijapotea hata shilingi.
Walinichagua kwa sababu, walisema, mjane haibi.
Hawakuuliza mjane anakula nini.

Asubuhi lilikuja gari jeupe, na nyuma yake lori,
yakasimama pale tunapoanika mahindi ya mchungaji.
Akashuka meneja wa mizani. Suti ya kijivu.
Tulimpa kiti cha mbele, kile chenye mto,
na Perpetua akakipangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe,
Perpetua, ambaye miwa yake ilikaa shambani
mpaka ikachanua, ikakauka, ikashika moto
kabla trekta halijakumbuka njia ya Kibigori.

"Mabati," akasema. "Mia mbili. Geji thelathini."
Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.
Usinihukumu upesi: kwetu kunavuja. Mwezi wa nne
tulimwaga mtoto wa Ogutu
tukishikilia beseni juu ya jeneza.

Lakini ninazo, Bwana, ndani ya kopo la majani chai,
karatasi za mizani, za waridi, zimefifia.
Tani kumi na tisa ziliingia getini,
kwenye karatasi zikawa kumi na nne.
Nilikuwepo. Nilipanda juu ya mzigo,
maana marehemu alinifunza kukadiria kwa jicho.
Tano zilishukia wapi, kati ya geti na kalamu?
Na hizo kumi na nne, msimu wa pili huu,
hazijalipwa.
Risper wangu anapalilia mashamba ya watu.
Sare yake ya shule nimeikunja chini ya godoro
isije ikajua imeachwa.

Mchungaji akainama sikioni mwangu:
"Mama Risper, mwandikie mgeni."
Si mtu mbaya. Mwaka wa kipindupindu
alibeba wagonjwa kwa baiskeli, naye anatapika.
Amechoka na ndoo tu.

*Imepokelewa kutoka kwa:*
hapo ndipo kalamu iliposimama.

Nikatazama msalaba wetu wa mkalatusi
aliouchonga mzee Kimaru bila malipo,
Kimaru anayeidai kampuni tangu mjukuu wake akinyonya,
na sasa mjukuu anaota ndevu.
Sikusikia sauti. Nisiseme uongo, hakukuwa na sauti.
Kulikuwa na nzi, na kaboni inachafua kidole.

Nikaandika.
Imepokelewa kutoka kwa Perpetua Auma.
Kutoka kwa Kimaru arap Sang.
Kutoka kwa Zablon Ogutu, na mtoto wake.
Kutoka kwa Yunia, tani tano.
Nikajaza mistari, nikageuza, nikajaza nyuma.
Kwa ajili ya: mabati.
Kwa mkono wa: hapo nikaweka jina la meneja.

Nikamkabidhi kwa mikono miwili, kama impasavyo mgeni.

Alisoma polepole. Kwaya ilikuwa imeanza,
ikaishiwa na beti, ikarudia ile ya kwanza.
Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.
Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati,
akauliza kama kuna maji ya kunywa.
Nikampa.

Sasa ni usiku. Mabati yamelala nje,
hakuna ajuaye kama ni yetu au yatarudi.
Huenda kesho nitavuliwa uhazina.
Mchungaji aliondoka bila kuniaga.
Perpetua aliniaga mara mbili.

Sikuombi mengi. Nakala ya kaboni iko kwangu.
Wewe unayehesabu nywele za watu,
hesabu na hizi tani.
Na mvua ikinyesha Jumapili
najua lilipo beseni.